Pakia, pakua, twika, tua: lugha ya moduli za kiini cha mfumo endeshi

Chukua agizo hili, la aina inayoweza kupatikana katika mwongozo wowote wa kompyuta wa Kiswahili: «Pakua moduli, kisha washa mashine upya.» Mwanafunzi wa kwanza atalisoma na kuingia kwenye intaneti ili alete faili jipya. Wa pili, aliyezoea kazi ya kusimamia mitambo, ataitoa kwenye kumbukumbu moduli ambayo tayari inafanya kazi. Mmoja ameongeza kitu, mwingine amepunguza, na wote wawili wamelitii neno lilelile kwa usahihi. Sarufi ya agizo haina kasoro. Kilichokosekana ni jina la chombo.

Makala haya yanaeleza mambo mawili kwa pamoja: jinsi moduli zinavyoingia na kutoka katika kiini cha mifumo ya ukoo wa Unix, hasa Linux, na maneno ya Kiswahili yanayofaa kulieleza jambo hilo darasani na katika tafsiri. Mifano mingi itatoka Tabora. Njia ya misafara iliyopita huko ilikuwa na msamiati kamili wa kubebesha na kushusha mizigo, na sehemu ya msamiati huo bado haijapewa kazi inayoistahili katika lugha ya kompyuta.

Chombo kisichotajwa

Pakia na pakua ni jozi ya kutendua, kama ziba na zibua au chomeka na chomoa. Pakia ni kutia shehena katika chombo, kiwe jahazi, gari au punda. Pakua ni kuitoa humo. Jikoni, pakua ni kutoa chakula chunguni na kukitia katika sahani, na hapo chungu ndicho chombo. Katika matumizi yote hayo kitenzi hukitazama chombo, wala hakimtazami anayepokea. Mwenye njaa anafurahi chakula kinapopakuliwa, lakini furaha hiyo haimo katika maana ya kitenzi.

Lugha ya mtandao ilipoanza kufasiriwa, seva ya mbali ilifanywa kuwa jahazi. Anayetoa faili huko anapakua, anayelipeleka huko anapakia. Kwa hiyo vijana wa leo husikia katika pakua tendo la kupata: wimbo umepakuliwa, sasa uko katika simu yangu. Tukihamia kwenye kiini cha mfumo endeshi, chombo ni mashine iliyo mbele yetu, na pakua inakuwa tendo la kupungukiwa. Kitenzi hakikubadilika hata kidogo. Jahazi ndilo lililohama kutoka bandari moja hadi nyingine. (Tuongeze kwamba pakia na pakua zimetofautiana kwa irabu moja tu, na kwenye kibodi herufi i na u zimekaa bega kwa bega. Mhariri wa miongozo ana sababu ya kusoma mara mbili.)

Kiini ni nini, na moduli ni nini

Kiini ni ile programu ya ndani kabisa inayogawa muda wa prosesa, kulinda kumbukumbu na kuzungumza na vifaa. Programu nyingine zote hupeleka maombi kwake. Kiini cha Linux ni kizima kimoja: msimbo wake wote hukaa katika eneo moja la kumbukumbu na una mamlaka yaleyale. Kama viendeshi vya kila kifaa kilichowahi kutengenezwa vingejengwa ndani yake moja kwa moja, kiini kingevimba kwa vitu ambavyo mashine moja haitavihitaji maisha yake yote. Moduli ndiyo njia ya kuepuka uvimbe huo. Ni kipande cha msimbo wa kiini kilichotayarishwa pembeni, kikahifadhiwa diskini katika faili lenye mwisho wa .ko, na ambacho huweza kuunganishwa na kiini wakati mashine inaendelea na kazi, bila kuzimwa.

Linux ilikuwa na uwezo huo katika toleo la 1.2 la mwaka 1995. FreeBSD inao pia, kwa amri za kldload, kldunload na kldstat. OpenBSD, inayotanguliza usalama kuliko mengine yote, iliuondoa.

Mwalimu asiseme kwamba moduli ni «programu ndogo inayoendeshwa na kiini». Kauli hiyo ni nyepesi kukumbuka lakini inapotosha. Programu ya kawaida ikiharibika, kiini huifunga na mashine huendelea. Moduli ikishaingia haiko tena chini ya ulinzi huo, maana imekuwa sehemu ya kiini chenyewe, inasoma na kuandika popote kiini kinapoweza kusoma na kuandika. Kosa la mstari mmoja katika kiendeshi cha kamera linaweza kuisimamisha mashine nzima.

Unyanyembe, mahali pa kupanga upya

Burton na Speke walipofika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mnamo Novemba 1857, walikuta desturi iliyokwisha kukomaa. Msafara uliotoka pwani ulivunjwa hapo. Wapagazi waliofika mwisho wa mkataba wao walilipwa wakaenda zao, mizigo ikahesabiwa upya, na wapagazi wengine wakatafutwa kulingana na njia inayofuata: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, au kusini-magharibi kuzunguka ziwa Tanganyika. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili aliyeondoka Bagamoyo na watu wa njia zote tatu. Aliondoka na wa lazima, na waliobaki aliwaongeza Tabora alipojua anakwenda wapi.

Kiini kinachotumia moduli hupangwa kwa namna hiyohiyo. Vilivyo vya lazima tangu hatua ya kwanza hujengwa ndani, au huwekwa katika kifurushi cha mwanzo kiitwacho initramfs, kwa sababu kiini hakiwezi kusoma moduli ya diski kutoka katika diski ambayo bado hakijui kuisoma. Vilivyosalia hungoja chini ya saraka ya /lib/modules mpaka vihitajike.

Sasa tutazame vitenzi. Kati ya pwani na Tabora chombo kilikuwa bega la mtu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, za vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba au, wakati wa kurudi, pembe za ndovu. Jina mpagazi lenyewe linatokana na pagaa, kuchukua mzigo begani. Mzigo wa namna hiyo una vitenzi vyake: twika ni kumpandishia mtu mzigo, tua ni kuuteremsha. Kutokana na tua tumepata kituo, mahali ambapo mizigo hutuliwa.

Ubora wa jozi hii kwa mfasiri umo katika sarufi. Husemwi «umtwike» bila kujulikana ni nani. Yambwa wa kwanza wa twika ni mbebaji, na mzigo hufuata: mtwike Fulani mzigo. Tua nayo hukubali muundo huohuo, kama inavyosikika katika kaulimbiu ya miradi ya maji nchini Tanzania, kumtua mama ndoo kichwani. Mbebaji yumo ndani ya kitenzi. Tukisema «kukitwika kiini moduli» na «kukitua kiini moduli», hapana msomaji atakayekwenda kutafuta faili kwenye intaneti. Utata ule wa pakua hauna mahali pa kujificha.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Chombo kikawa tena kitu chenye tumbo, yaani behewa, na pakia na pakua zikapata kazi tele bara kama zilivyokuwa nayo pwani. Huenda ndiyo sababu mfasiri wa leo huzifikiria hizo kwanza.

Modemu na msafara wake

Mfano ulio karibu na wasomaji wengi wa Afrika Mashariki ni modemu ya USB, kile kijiti cha kampuni za simu ambacho kwa miaka mingi kilikuwa njia ya kufikia intaneti mahali pasipo na waya. Nyingi zilitengenezwa na Huawei. Mtu anayechomeka modemu ya namna hiyo katika kompyuta ya Linux huanzisha mlolongo wa matukio asiouona.

Mara nyingi modemu hujitambulisha kwanza kama kisomeo cha sidii chenye programu za Windows. Kiini humwamini mgeni huyo na kumpa moduli ya usb_storage. Kisha programu iitwayo usb_modeswitch huituma modemu ujumbe wa kuvua vazi hilo. Modemu hujikata, hujiunga upya, na safari hii hujitambulisha kwa sura yake halisi. Utambulisho huo ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambamo nambari 12D1 humtaja mtengenezaji, Huawei. Kiini hutangaza kwamba kifaa kipya kimefika. Programu ya udev husikia tangazo na kuiita modprobe. Modprobe hutafuta utambulisho huo katika orodha ya modules.alias na kupata jibu: moduli inayofaa ni option.

Lakini option haiwezi kuingia peke yake. Inatumia funksheni zilizomo katika moduli mbili nyingine, usb_wwan na usbserial, na usb_wwan nayo inategemea usbserial. Kwa hiyo utaratibu wa kuingia ni mmoja tu: usbserial, kisha usb_wwan, kisha option. Modprobe huujua utaratibu huo kwa sababu husoma faili la modules.dep, lililotayarishwa mapema na amri ya depmod kwa kulinganisha majina yanayotolewa na kila moduli na majina yanayotafutwa na nyingine. Ni kazi ya kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara kwa sababu aliijua njia.

Amri ya insmod haina kirangozi. Hupokea faili moja, hulikabidhi kwa kiini, basi. Ukiipa usb_wwan wakati usbserial haijaingia, kiini kitakataa na kuandika katika kumbukumbu za matukio kwamba kuna majina kisiyoyajua. Wanafunzi hudhani faili limeharibika. Faili ni zima. Kilichokosekana ni mwenzake aliyepaswa kutangulia.

Yote yakienda sawa, kila moduli huita funksheni yake ya kuanzia, inayojiandikisha kwa kiini na kusema inashughulikia vifaa gani. Funksheni hiyo ikishamaliza kazi, kumbukumbu iliyokalia hurudishwa, maana haitaitwa tena. Katika mfano wetu hutokea milango ya /dev/ttyUSB0 na wenzake, na programu ya kupiga simu ya mtandao huanza kazi.

Kutua na kubwaga

Amri ya lsmod huonyesha moduli zilizomo, ukubwa wake, na safu ya tatu yenye jambo kubwa kuliko linavyoonekana: idadi ya wanaoitumia moduli hiyo, pamoja na majina ya moduli zinazoitegemea. Kwa modemu yetu, usbserial itaonyesha kwamba inatumiwa na usb_wwan na option. Usb_wwan itaonyesha option. Programu inapoufungua mlango wa ttyUSB0, hesabu ya option nayo hupanda.

Hesabu isiporudi sifuri, kiini hakikubali kuiachia moduli. Jaribu kuiondoa usbserial kwa rmmod wakati option ingali ndani, nawe utaambiwa kwamba inatumika, pamoja na majina ya wanaoitumia. Sababu iko wazi. Option inazo anwani za funksheni zilizomo katika kumbukumbu ya usbserial. Kumbukumbu hiyo ikirudishwa na kupewa mwingine, option itaruka na kutua mahali pasipo na ardhi. Utaratibu wa kutoka ni kinyume cha ule wa kuingia: option kwanza, usb_wwan ya pili, usbserial mwisho. Amri ya modprobe yenye swichi ya -r huufuata utaratibu huo yenyewe, na huziondoa pia zile zilizoletwa kwa ajili ya option ikiwa hakuna mwingine anayezihitaji.

Hapa ndipo Kiswahili kina tofauti ambayo lugha ya kitaalamu bado haijaitumia. Kutua mzigo ni kuuteremsha taratibu, mwenye mzigo akiwa tayari. Kubwaga ni kuutupa chini. Wengi hulihusisha jina la Bagamoyo na kitenzi hicho, kwamba ndipo mtu alipoubwaga moyo wake. Kuondoa moduli kwa kawaida ni kutua: kiini huhakikisha hesabu ni sifuri, huita funksheni ya kumalizia ya moduli, nayo hufuta usajili wake na kurudisha ilivyokopa. Moduli isiyokuwa na funksheni ya kumalizia haiondoki kabisa hadi mashine izimwe. Kuna pia swichi ya kulazimisha, rmmod -f, ambayo hufanya kazi tu ikiwa kiini kilijengwa kwa kuiruhusu. Hiyo ni kubwaga, na neno hilo linamwonya msomaji vizuri kuliko «kuondoa kwa nguvu», ambalo kwa wengine lina sauti ya ushujaa.

Mfano wa msafara una mpaka wake, na ni vema mwalimu auonyeshe mapema. Mpagazi aliyeanguka njiani angeweza kuachwa, mzigo wake ukagawanywa, msafara ukaendelea. Moduli inayoanguka ikiwa ndani haiachwi njiani. Mara nyingi huanguka na kiini.

Toleo, doa na lango

Moduli hutengenezwa kwa ajili ya toleo fulani la kiini, na hubeba ndani yake maandishi yanayolitaja toleo hilo na baadhi ya mipangilio yake. Yasipolingana na ya kiini kilichopo, moduli hukataliwa kwamba muundo wake si sahihi. Fikiria maabara ya shule yenye kompyuta 20 na intaneti hafifu. Mwalimu anapakua kiendeshi mara moja, anakitia katika flashi, na kukisambaza. Mashine 15 zinakipokea, 5 zinakikataa. Hizo 5 ndizo zilizosasishwa, au ambazo hazijasasishwa. Amri ya uname -r itazifichua.

Kila moduli pia hutangaza leseni yake. Ikiwa si ya chanzo huria, kiini huipokea lakini hujiwekea alama, ambayo tunapendekeza iitwe doa: kiini kimetiwa doa. Neno linafaa kwa sababu moja ya ziada, nayo ni kwamba alama hiyo haitoki moduli inapoondolewa. Hubaki hadi mashine iwashwe upya, ili anayechunguza hitilafu baadaye ajue kwamba kulikuwa na mgeni ndani. Baadhi ya majina ya funksheni hayapatikani kabisa kwa moduli zisizotangaza leseni inayopatana na GPL.

Kuhusu usalama, mifumo mingi ya sasa hudai saini ya kidijitali kabla ya kuipokea moduli, hasa pale mashine inapowashwa kwa utaratibu unaokagua saini tangu mwanzo. Linux ina pia lango liitwalo kernel.modules_disabled: likiwekwa kuwa 1, hakuna moduli inayoingia wala kutoka tena, na hata msimamizi mkuu hawezi kulifungua bila kuwasha mashine upya. Kuna wafasiri wanaoutaja ukaguzi huu kwa jina la hongo, kwa kukumbuka ushuru wa Ugogo. Wasifanye hivyo. Hongo ya zama za misafara ilikuwa malipo ya wazi kwa mtawala wa nchi ili kupita. Hongo ya leo ni rushwa, na msomaji wa leo ndiye tunayemwandikia.

Matumizi tunayopendekeza

Ujumbe wa kiini cha Linux hautafsiriwi. Hutoka kwa Kiingereza popote mashine ilipo. Miradi kama Kilinux ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilishughulikia menyu na programu za mtumiaji, si sauti ya kiini. Kwa hiyo Kiswahili cha moduli hukaa katika maelezo ya mwalimu na katika mwongozo, kando ya ujumbe ambao mwanafunzi anausoma kwa lugha nyingine. Hakuna skrini itakayomsahihisha mwalimu akitumia neno lenye maana mbili.

Katika mwongozo, tumia pakia pamoja na chombo chake, bila kukiacha: pakia moduli kwenye kiini. Kwa kinyume chake tumia ondoa: ondoa moduli kwenye kiini. Hata amri zenyewe, insmod na rmmod, zimeundwa kwa vifupisho vya kuingiza na kuondoa, si vya kupakia na kupakua. Pakua ibaki kwa faili linaloletwa kutoka mtandaoni. Wapo pia wanaosema shusha au teremsha, na hakuna ubaya. Ondoa isichanganywe na futa. Moduli iliyoondolewa ingali diskini na inaweza kurudi baada ya sekunde moja, iliyofutwa haipo. Twika na tua tunazipendekeza kwa darasa, hasa unapofundisha hesabu ya watumiaji na utegemezi, na mwandishi mwenye ujasiri anaweza kuzijaribu katika kitabu.

Moduli ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-: moduli hii imepakiwa, moduli hizi zimeondolewa. Kiini ni KI-/VI-: kiini kimekataa, viini viwili vya matoleo tofauti. Kauli ya kutendwa ya pakia ni pakiwa, ya pakua ni pakuliwa, ya twika ni twikwa, na ya tua ni tuliwa.

Mifano:

Faili la moduli limepakuliwa kutoka mtandaoni, lakini bado halijapakiwa kwenye kiini.

Kiini kimekataa kutua usbserial kwa kuwa option ingali inaitegemea.

Usiibwage moduli ya diski wakati mashine inaandika.